Bwana P. Yangu Avuka Mpaka

Nchi ya Sawasawa ni nchi nzuri, na mimi niliyezaliwa humo sina lalamiko hata moja, na kama ninalo sijaliandika popote. Ni nchi bapa. Ukiweka chungwa chini mlangoni kwako asubuhi, jioni utalikuta palepale. Jambo hilo limetajwa katika utangulizi wa Katiba yetu. Hatuna kilima, hatuna bonde, na ngazi yenye vipandio zaidi ya vitatu inahitaji leseni. Mheshimiwa Msawazishaji Mkuu mwenyewe anaishi ghorofa ya chini kama sisi, ingawa jumba lake lina ghorofa sita. Hizo tano za juu zinakaliwa na ndugu zake, kwa kujitolea.

Taabu yetu ni moja tu. Upande wa mashariki kuna nchi jirani, ambayo kwa sababu za heshima hatuitaji jina, tunaiita Kule. Na huko Kule kuna mlima. Nasema mlima kwa kuwa hapa tuko wenyewe. Jina lake rasmi ni Wingu la Kudumu. Mbingu zikitakata linaonekana kutoka mji wetu mkuu, la buluu, jeupe kichwani, limetulia palepale tangu enzi za babu zetu. Wataalamu wa hali ya hewa hututangazia kila asubuhi kwamba litaondoka wakati wowote. Madirisha ya mashariki katika majengo ya serikali yamezibwa kwa matofali, na maafisa ambao kazi huwalazimu kugeukia upande huo wamepewa miwani myeusi.

Siku moja ya sherehe za uhuru Mheshimiwa alihutubia akipiga meza.

"Ndugu wananchi! Hao wa Kule wanajivunia nini? Ardhi iliyovimba! Tangu lini uvimbe ukawa utajiri? Kitu kikivimba kinapelekwa hospitali! Sisi ardhi yetu ni nzima!"

Tulipiga makofi dakika kumi na moja. Mimi nilikuwa safu ya mbele, nikaona alivyomaliza akageuza shingo kidogo, upande wa mashariki, akatazama, akameza mate.

*

Katika mji wetu mkuu aliishi mwalimu wa jiografia aitwaye Bi. Sihaba, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi walilazimika kunyamaza ili waisikie. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la tano kwamba dunia ni bapa isipokuwa pale ilipoharibika.

Bi. Sihaba alizaliwa wa tano kati ya wasichana saba, na wote saba walilala chumba kimoja. Akapelekwa shule ya bweni, wakalala arobaini. Alipotoka bweni akaolewa. Kwa hiyo tangu azaliwe hakuwahi kulala chumbani bila pumzi ya mtu mwingine, wala hakuwahi kwenda safari bila mtu wa kumwambia kwamba sasa wamefika.

Mumewe, Bwana Mfaume Ngwali, alikuwa Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Usawazishaji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna kitu kinachoinuka nchini bila kibali: vichuguu, marundo ya mchanga, vilemba vya kina mama kwenye harusi. Alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono wala sauti, na ukurugenzi kamili ulikuwa unamsubiri mwezi wa sita. Ila alikuwa na wivu.

Aliwahi kumwonea wivu msomaji wa taarifa ya habari kwa sababu mkewe aliongeza sauti ya redio. Alimhamishia mkewe kwa daktari wa meno mwanamke. Alimchinja jogoo wa nyumbani, jogoo mzima wa afya, kwa kuwa Bi. Sihaba alizoea kuzungumza naye akifagia uwanja. Mkewe akinyamaza mezani, atauliza, "Unafikiria nini?" Akijibiwa "Hakuna," ataweka kijiko chini na kuuliza, "Hakuna yupi huyo?"

Basi mwezi wa nne, shule zilipofungwa, Bi. Sihaba alimtengea mumewe chakula, akanawa mikono, akasema:

"Baba Riziki, nimelimbikiza siku nne za likizo. Nataka kwenda Igombo."

Igombo ni mji mdogo wa Kule, umeng'ang'ania kiunoni mwa lile Wingu la Kudumu kama kupe. Bwana Mfaume alidhani hakusikia.

"Igombo ya Kule?"

"Hiyohiyo. Nitapanda lori mpaka kizuizini, halafu nitaweka begi mgongoni nipande kwa miguu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Bwana Mfaume akacheka mpaka akajifuta macho. Aliijua Sheria ya Safari, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa katika kamati iliyoiandika. Sheria hiyo haimruhusu raia kuvuka mpaka peke yake, kwa sababu mtu akiwa peke yake anaweza kuona kitu, na hapo asiwepo mwenzake wa kukanusha.

"Nenda ukaombe kibali, Mama Riziki," alisema kwa upole. "Wakikupa, mimi sina neno."

*

Ofisi ya Vibali ina madirisha manne. Matatu ya kwanza ni ya kukuelekeza dirisha la nne. Huko Bi. Sihaba alimkuta karani mkuu, Bwana Lukindo, mtu mwembamba mwenye tai ndefu, akiwa amekodolea macho karatasi iliyobandikwa ukutani.

Lazima nieleze karatasi ile. Kila mwaka, kwa agizo la Mheshimiwa, wananchi kumi hupelekwa Kule, wakatazame, kisha warudi na kutangazwa redioni kwamba hawakuvutiwa. Mwaka ule wananchi walioomba walikuwa wanane. Wengine wote waliogopa kuvutiwa. Ripoti ilitakiwa siku ya pili yake asubuhi.

"Jina la msindikizaji?" aliuliza Lukindo.

"Sina. Nakwenda peke yangu."

Kalamu ikasimama hewani. "Mwalimu, sheria haimruhusu mtu kwenda peke yake."

"Basi andika umenikatalia, nirudi nikapike."

Lukindo akaitazama karatasi ya ukutani. Akamtazama mwalimu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Samahani, umesema unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Nimekusikia," alisema Lukindo, na kwa mwandiko mzuri wa mlazo akajaza nafasi ya msindikizaji: Peke Yangu. "Ni mtu wa tabia gani?"

Bi. Sihaba alimtazama usoni. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi; alimjua mtu anayenakili jibu huku akiomba asionekane.

"Simjui vizuri," alisema mwishowe. "Hatujawahi kukaa pamoja."

"Ana msimamo?"

"Hilo ndilo ninalotaka kwenda kujua."

Fomu ikapanda ghorofani kupigwa chapa. Mpiga chapa alikuwa na utepe uliokwisha wino, akawa anafupisha kila jina linalofupishika. Kibali kiliposhuka kilikuwa na mihuri mitatu na majina mawili: Bi. Sihaba Ngwali, na Bw. P. Yangu. Kabla hajakabidhiwa, Bi. Sihaba alitakiwa kutia sahihi tamko la kurudi, lisemalo *Nimefika, nimeona, sikuvutiwa*. Lilitiwa sahihi kabla ya safari kwa sababu ofisi ya wanaorudi hufungwa mapema.

Kibali huanza kuhesabiwa tangu saa ya muhuri. Kwa hiyo Bwana Mfaume aliporudi kutoka kazini Jumatatu ile alikuta sufuria ya maharage na kikaratasi juu ya kifuniko: *Wamenipa. Narudi Alhamisi.*

*

Sijui alikula maharage yale au hakula. Ninachojua ni kwamba Jumanne asubuhi nakala ya kibali ilifika mezani pake, pamoja na barua:

*Idara inakuarifu kwamba mkeo ameruhusiwa kwenda Igombo akiwa na Bw. P. Yangu. Tunampongeza kwa kuchagua msindikizaji mtulivu.*

Bwana Mfaume alikwenda Ofisi ya Vibali bila kofia. Kwa cheo chake alianzia dirisha la tatu.

"Huyu Yangu ni nani?"

Lukindo akatokwa na jasho. Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda kwa Mheshimiwa: wananchi kumi, si pungufu. Kumpunguza mmoja sasa kulikuwa ni kumpunguza Lukindo.

"Ni msindikizaji wa mwalimu, mheshimiwa."

"Wamejuana tangu lini?"

"Mwalimu alisema hamjui vizuri. Ila... anataka sana kumjua."

Bwana Mfaume akashika ukingo wa dirisha. "Umri wake?"

"Wako rika moja na mwalimu. Kwa siku na saa."

"Anakaa wapi?"

Lukindo alinyoosha tai yake. Hakutaka kusema uongo zaidi ya ule uliokwisha kupigwa mihuri. "Kwa nionavyo mimi, mheshimiwa, anakaa nyumbani kwako. Karibu kabisa na nyumbani kwako, nilitaka kusema."

Utauliza: mtu aliyesoma, naibu mkurugenzi, hakushtukia? Lakini wewe hukuiona karatasi ile. Ilikuwa na mihuri mitatu. Bwana Mfaume mwenyewe alipata kusawazisha kijiji kizima, nyumba na watu wake, kwa karatasi yenye muhuri mmoja, na kile kijiji hakikuwepo tena. Kama muhuri mmoja unaweza kuondoa mia tatu waliopo, mitatu itashindwaje kumleta mmoja asiyekuwepo?

Alichukua mkoba wake wa ofisini, miwani yake myeusi, na viatu alivyokuwa navyo miguuni. Akapanda lori la vitunguu linaloelekea mashariki.

Kizuizini, Jumatano alfajiri, alimkuta Koplo Chambuso, mtu mzito aliyekaa nyuma ya daftari zito kuliko yeye. Kanuni inamtaka koplo kueleza daftarini sura ya kila msafiri kwa maneno yasiyopungua kumi, na yeye ni mtu wa kanuni. Kibali kilisema watu wawili, naye alieleza watu wawili.

"Soma," alisema Bwana Mfaume.

Koplo akasoma kwa sauti ya gwaride: "Bwana P. Yangu. Urefu wa wastani. Mpole wa sura. Ana mwanya. Hakusema neno. Alimsaidia mama begi. Walipofika kizuizini walicheka."

"Walicheka wote wawili?"

"Imeandikwa 'walicheka', mheshimiwa. Ni wingi."

Bwana Mfaume hakuwa na mwanya. Alipitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele yaliyobanana, na kwa mara ya kwanza maishani akayaona ni mabaya.

Akataka avuke. Hakuwa na kibali, lakini Koplo alimpigia saluti na kufunga daftari. "Mtu kama wewe siwezi kukuandika humu. Wewe huendi Kule. Unakagua mpaka, kwa upande wa pili."

*

Kwa upande wa Kule mpaka ulikuwa kamba. Mama mmoja aliyekuwa akichambua njegere ndiye aliyeishika kwa kidole cha mguu, akailegeza ili watu wapite.

"Shikamoo mama. Umeona mama mmoja na bwana wakipita juzi?"

"Marahaba, baba. Mama nimemwona. Na begi la kijani."

"Na bwana?"

"Bwana sikumwangalia."

"Yule mama alikuwaje?"

Mama yule akafikiri, akatoa punje mbovu. "Alikuwa mwenye raha," alisema.

Bwana Mfaume angeweza kuvumilia neno lolote, lakini si hilo.

Hapo ndipo alipoanza kupanda. Magoti ya mtu wa Sawasawa hayana uzoefu. Yanajua kwenda mbele tu. Njia ya Igombo hujikunja huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo, naye, kwa msimamo wa Idara yake, aliona ni aibu kufuata mikunjo, akapanda wima. Aliteleza kwenye majani ya mkaratusi, akapasua suruali gotini, akashika tope kwa mikono miwili. Miwani ikajaa ukungu. Kila alipopumzika alimwona Bwana Yangu mbele yake, mpole wa sura, akimpokea Sihaba mkono penye utelezi, akicheka na ule mwanya wake. Akainuka akapanda tena. Sidhani kama kuna kitu kingine duniani ambacho kingempandisha mtu yule.

Jumatano saa sita mchana aliingia Igombo. Ni mji wa mtaa mmoja unaopanda, mapaa ya bati jekundu, viazi vimerundikwa barabarani bila kusawazishwa, na hewa ya baridi yenye harufu ya moshi wa kuni. Nyumba ya wageni ilikuwa moja, ya Mama Nakiete, mjane mwenye koti la mumewe.

Alifungua kitabu cha wageni. "Sihaba, mwalimu. Chumba namba tatu. Kitanda kimoja."

"Kitanda kimoja!"

"Ulitaka alalie vingapi?"

"Yuko wapi?"

"Yuko nyuma, barazani. Tangu aje anakaa hapo. Nenda umsalimie."

Lakini Bwana Mfaume hakwenda kumsalimia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwenye shamba la kabichi la Mama Nakiete, akachutama. Alitaka kuwakuta pamoja.

*

Alichutama kwa muda wa saa nne.

Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu kavua, miguu juu ya jiwe lililopata jua. Alikunywa chai. Alipomaliza alijimiminia kikombe cha pili, na Bwana Mfaume akajiambia, hicho ni cha mwenzake, sasa atatoka. Lakini alikinywa yeye. Alimenya kiazi cha kuchemsha, akakitia chumvi, akala polepole kama mtu ambaye hatakiwi kumpisha mtu sahanini. Alilala usingizi kidogo, mdomo wazi. Aliamka. Alisema kitu kwa sauti, sentensi nzima, akakubaliana nacho kwa kichwa. Kisha akaimba, wimbo wa darasani wa kuhesabu, akaukosea katikati, akaucheka.

Na wakati wote aliutazama mlima. Ulikuwa juu yake moja kwa moja, mkubwa, umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Bwana Mfaume alivua miwani akaifuta, akaona jinsi mkewe anavyoutazama. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kutazamwa hivyo na yeye.

Hakuna aliyekuja. Saa kumi ilipofika na bado hakuna aliyekuja, Bwana Mfaume alijisikia vibaya kuliko alivyojisikia njia nzima. Angekuwepo mwanamume angejua la kumfanya, angemkunja shati. Aliinuka kwenye kabichi akiwa na ganzi mapajani na tope mpaka kifuani.

"Yuko wapi?"

Bi. Sihaba alishtuka, akamwaga chai. "Baba Riziki! Umefikaje huku? Umeumia?"

"Yuko wapi Yangu?"

"Yako nini?"

"Yangu! Bwana Yangu! Usinifanye mtoto, Mama Riziki, nimesoma kibali!" Akatoa nakala kwenye mkoba, akampa.

Bi. Sihaba aliisoma. Alianza kwa kutabasamu, kisha akacheka, akacheka mpaka akashika benchi. "P ni Peke," alisema. "Peke Yangu. Niliulizwa nakwenda na nani, nikasema peke yangu, karani akaandika. Alihitaji watu wawili. Ndiye huyo, baba. Ndiye huyo bwana wako uliyemfuata mlima mzima."

Alitazamia naye atacheka. Hakucheka. Alikaa chini kwenye tope kama mzigo ulioteremshwa.

"Kwa hiyo hakuna mtu."

"Hakuna."

"Umekaa hapa siku tatu, na raha yote hii nimeiona kwa macho yangu, na hakuna mtu?"

Bi. Sihaba akaacha kucheka. Alimwelewa.

"Ungependa awepo," alisema.

"Angekuwepo ningemshinda," alisema Bwana Mfaume. "Ningenunua shati jipya. Ningejifunza kucheka. Sasa huyu nitamshindaje?"

Alikuwa analia, na Bi. Sihaba, ambaye hakuwahi kumwona akilia, alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Hakukaa.

"Hukunikumbuka?"

"Nilikukumbuka jana."

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Niliona mtu anapima ukuta."

"Na juzi?"

"Juzi nilifungua mlango wa chumba, nikaweka begi kitandani, nikalihamishia kwenye kiti, nikalirudisha kitandani. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nilikaa nikafikiri: nina miaka arobaini na sita, na leo ndiyo naisikia pumzi yangu." Akarudisha miguu juu ya jiwe. "Sikukuacha, Baba Riziki. Nimekuja tu kuona nani yuko humu ndani."

"Na umemwona?"

"Nina siku moja bado. Usiniharibie."

Bwana Mfaume akaenda kumwomba Mama Nakiete chumba. Alipewa namba tano, mwisho wa ukumbi, nacho kilikuwa na kitanda kimoja.

*

Alhamisi asubuhi walishuka. Bi. Sihaba alikuwa ameweka sharti moja: njiani asimuulize neno.

"Lolote?"

"Hilo tayari ni swali."

Basi Bwana Mfaume akachukua begi la kijani, akatembea nyuma yake akifuata mikunjo yote ya njia. Saa nzima ya kwanza ilimchoma. Mkewe alisimama kutazama maji, naye hakuuliza anafikiria nini. Alitabasamu bila sababu, naye akauma mdomo. Saa ya pili, bila kuulizwa, Bi. Sihaba akaanza kusema. Akamsimulia habari ya bweni, na dada yake aliyekufa, na kwamba yule jogoo alimpenda na bado amekasirika. Mambo ambayo Bwana Mfaume aliyachokonoa miaka ishirini na sita bila kuyapata, sasa yalikuwa yanaanguka yenyewe njiani, na yeye nyuma yake anayaokota kimya kimya.

Kizuizini Koplo Chambuso akafungua daftari.

"Mwalimu, karibu nyumbani. Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu?"

"Mlitoka wawili, mnaingia wawili. Akibaki mmoja maana yake amevutiwa." Koplo akashusha sauti. "Mheshimiwa amekwisha kuitangaza ripoti redioni. Watu kumi. Nikikuingiza peke yako watakuuliza ulimfanya nini raia wetu. Mimi pia wataniuliza. Hawaulizi vizuri."

Bwana Mfaume akajitokeza mbele. "Koplo, mimi ni Naibu Mkurugenzi Mfaume Ngwali, unanijua..."

Koplo akapekua daftari, ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma. "Samahani sana, mheshimiwa. Huyo hakutoka. Na asiyetoka siwezi kumwingiza." Akainua macho, akaitazama suruali iliyochanika, tope, begi la mama mgongoni. Koplo hakuwa mjinga. Alikuwa na watoto watano. "Urefu wa wastani," alisema polepole. "Mpole wa sura. Amebeba begi la mama. Hebu cheka kidogo, baba, nikuone meno."

Bwana Mfaume akamwangalia mkewe. Uso wa mkewe ulikuwa wazi, kama alivyouona kutoka kwenye kabichi. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha kwanza.

"Mwanya nilikosea," alisema Koplo, akaufuta kwa mate na kidole. "Jina?"

Ilimchukua muda. Alikuwa mtu aliyemchukia Bwana yule kwa siku tatu kuliko alivyomchukia yeyote.

"Yangu," alisema. "P."

"Je, ulivutiwa?"

"Nilivutiwa sana," alisema Bwana Mfaume.

Koplo akaandika *hakuvutiwa*, kwa kuwa fomu haina nafasi ya jibu lingine, akagonga muhuri.

*

Yaliyofuata mnayajua, yalitangazwa. Bwana P. Yangu alipewa Nishani ya Kutovutiwa, daraja la kwanza. Hakujitokeza kuichukua, na magazeti yakasifu unyenyekevu wake. Naibu Mkurugenzi Mfaume Ngwali alionekana hakuwepo kazini siku tatu, wala hakuwa amesafiri, kwa maana daftari la mpaka halikumtaja. Mtu asiyekuwepo nchini wala nje ya nchi hawezi kupewa ukurugenzi. Ukurugenzi alipewa Bwana Lukindo. Bwana Mfaume alishushwa akawa Mkaguzi wa Mbao za Madarasani, kazi ya kuzunguka shuleni kuhakikisha kwamba hakuna ubao uliopinda.

Mwezi wa saba, kwa zamu ya kawaida, alifika darasa la tano la Bi. Sihaba. Alikaa nyuma kabisa na faili lake magotini. Somo lilikuwa Sura ya Nchi.

Bi. Sihaba alichora nchi ya Sawasawa: mstari mmoja mnyoofu, kutoka magharibi kwenda mashariki. Darasa likanakili. Alipofika ukingoni mwa mstari, chaki haikusimama. Ilianza kupanda. Ilipanda mpaka mkono ukawa haufiki, akavuta kiti, akapanda kitini, na chaki ikaendelea, ikateremka upande wa pili. Watoto waliacha kuandika. Waliutazama ubao vilevile mkewe alivyoutazama mlima siku ile, na Bwana Mfaume akauona ule wivu wake wa zamani ukimjia tena, mzima wa afya, akausogezea nafasi akae nao pale nyuma.

Alijua adhabu ya mchoro ule. Aliiandika yeye.

Kengele ilipolia na watoto kutoka, alikwenda mbele, akaweka kiganja chake juu ya ubao, akakipitisha taratibu kutoka kona hadi kona akiukwepa mchoro. Bi. Sihaba alisimama kando akipangusa vidole, hakumwomba kitu. Bwana Mfaume akafungua faili, akaandika taarifa yake mbele ya mkewe, akatia sahihi na kugonga muhuri:

*Nimeukagua ubao wa darasa la tano kwa mkono wangu mwenyewe. Ubao ni bapa.*